Kwa nini tunakukataza kuhema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi

Mgeni akishavaa miwani, akakaa ukingoni mwa boti na kuanza kuhema kwa nguvu eti "ajaze oksijeni", nahodha wetu humsimamisha. Wengine hununa. Mtu katoka Moshi au Dar kuja kuona matumbawe ya Tanga, halafu anaambiwa atulie kwanza! Tunaeleza sababu hapa, maana kule kwenye boti, injini ikinguruma, hapaelezeki kitu.

Mapafu hayana misuli ya kujitanua yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kikisaidiwa na misuli ya katikati ya mbavu. Kiwambo kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia, kama mvukuto wa mhunzi. Kikilegea, hewa hutoka. Ndani, njia ya hewa hugawanyika matawi kwa matawi hadi kwenye vifuko vidogo mno, mamia ya mamilioni kwa mtu mzima. Hapo ndipo oksijeni huingia kwenye damu na hewa ukaa hutoka. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na tunayotoa bado ina kama 16. Ndiyo maana pumzi ya mwokoaji humfaa aliyezama.

Sasa, nani anaamua uvute pumzi lini? Ni shina la ubongo, hata ukiwa umelala fofofo. Wengi hudhani linafuatilia oksijeni. Sivyo, kwa kawaida linachofuatilia hasa ni hewa ukaa. Ikizidi, damu na majimaji yanayouzunguka ubongo huongezeka asidi, nawe unasukumwa upumue. Ule moto wa kifuani na tumbo kurukaruka ukiwa umebana pumzi, hiyo ni hewa ukaa inataka kutoka. Shingoni, kwenye mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, vipo vihisio vya oksijeni, lakini hivyo hushtuka sana pale oksijeni inapokuwa imeshuka mno.

Kwa hiyo ukihema harakaharaka, oksijeni ya maana huongezi. Damu ya mtu mzima mwenye afya, hata akiwa amekaa tu, imekwishabeba asilimia 95 au zaidi ya oksijeni inayoweza kubeba. Unachofanya ni kufukuza hewa ukaa, na hamu ya kupumua inachelewa. Unajiona hodari, samaki wanavutia, unaendelea kukaa chini huku oksijeni ikiisha. Hatari kubwa iko kwenye kupanda. Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na ndio uliokuwa ukiisukuma oksijeni iliyobaki iingie kwenye damu. Ukipanda, mgandamizo unapungua upesi, mtu anazimia akiwa karibu kabisa kufika juu, wala hakuhisi kubanwa. Akivuta pumzi hapo, anavuta maji.

Swali jingine tunaloulizwa kila msimu: mbona bomba la kupumulia ni fupi hivi? Fundi bomba wa Ngamiani anaweza kukukatia la mita moja na nusu, ila usimwombe. Katika pumzi ya kawaida ya nusu lita, karibu mililita 150 huishia njiani bila kufika kwenye vile vifuko. Bomba refu linarefusha njia hiyo, unajikuta unavuta tena hewa uliyoitoa mwenyewe. Tena maji ya kina hicho yanakandamiza kifua kiasi kwamba misuli inashindwa kukipanua.

(Wanaomuulizia silikanti, yule samaki wa kale aliyeipatia Tanga hifadhi yake ya bahari mwaka 2009: ana pafu, lakini limesinyaa, hapumui nalo, anategemea matamvua. Anaishi kina kirefu mno, hatutamwona.)

Kwetu watu huzamia wawili wawili: mmoja chini, mwenzake juu akimtazama, kisha wanabadilishana. Pumua taratibu mpaka utulie, vuta pumzi moja ya mwisho, shuka. Mwenye pumu amwone daktari kwanza, atuambie kabla ya kulipa, na aje na dawa yake ya kuvuta. Mwenye mafua tunamwahirishia safari bila gharama, maana masikio yatamuuma. Boti huondoka kwa kufuata maji kujaa na kupwa, hivyo piga simu siku moja kabla tukupe saa.