Wanangu wa bodaboda, hiyo nafasi ya kushoto kwa lori si yenu

Wanangu wa Tabata, Buguruni na vijiwe vyote vya Barabara ya Mandela,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Juzi pale kwenye mataa, semi yenye kontena la futi 40 ilikuwa inakata kushoto. Indiketa inawaka, tandiboi ametoa mkono dirishani anapunga. Kijana mmoja akaona upenyo kati ya tela na ukingo wa barabara, akachomekea. Nyuma yake amepakia mama na mtoto wa shule. Waliruka, Mungu akawanusuru. Pikipiki ikaishia chini ya matairi. Kilichoniudhi zaidi ni ninyi mliotoka mbio kijiweni kumshusha dereva apigwe. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzenu alifuata nini pale.

Nimeendesha malori kutoka bandarini hadi Tunduma na ng'ambo ya mpaka, tangu ujana mpaka nimestaafu. Nisikilizeni.

Lori refu likitaka kukata kushoto, kichwa huvutwa kulia kwanza. Dereva hajabadili nia. Anatafutia tela nafasi, maana matairi ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele. Yanakata kona kwa ndani, yanasogelea ukingo, pengine yanaupanda kabisa. Wewe uliye nyuma unaona kushoto kumefunguka, unajiambia njia hiyo. Si njia! Nafasi ile ina mwenyewe, ni tela ambalo bado halijafika. Ukishaingia, inaanza kupungua ukiwa katikati: kulia chuma, kushoto mtaro, mbele kona, nyuma abiria wa watu anapiga kelele.

Mnaniambia, "Mzee, si atasimama?" Atasimama kwa kumwona nani? Dereva amekaa kulia, juu kabisa. Chini ya dirisha la kushoto haoni. Karibu na bampa la mbele haoni. Nyuma ya tela ndiyo kabisa. Vioo vinampa kipande tu, na wakati huohuo anatazama daladala zinazomjia kulia. Sheria za Afrika Mashariki zinaruhusu gari la ekseli saba kufika tani 56. Uzito huo ukishakupitia, hata dereva hasikii kitu. Anasimamishwa na mayowe ya watu. Kama huuoni uso wake kwenye kioo cha pembeni, naye hakuoni.

Mengine mnayajua, mnafanya ukaidi tu. Kwenye mataa simameni nyuma ya mstari, maana lori linalotoka barabara nyingine linahitaji uwanja huo ligeuze. Kwenye kipilefti likichukua njia mbili, liachieni zote. Usiku washeni taa. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, acheni. Helmeti ya abiria ivaliwe na abiria, isining'inie kwenye usukani.

Wanangu, najua mnachokikimbilia. Tajiri anataka hesabu jioni, uwe umepata au hujapata. Abiria naye anakugonga mgongoni, "wahi, wahi", kisha ukianguka ndiye wa kwanza kusema bodaboda hawana akili. Hata wenzangu wa malori siwatetei wote: wapo wanaotembea na kioo cha kushoto kilichovunjika, wapo wasiowasha indiketa, na wapo matajiri wanaomrudisha dereva safarini hajalala. Daraja la Mfugale pale TAZARA na lile la Kijazi pale Ubungo yametupunguzia msongamano, lakini chini bado lori na pikipiki wanagombania kona moja. Njia ya pikipiki tuidai, tena kwa sauti. Ila haitajengwa kesho, na kesho asubuhi mtakuwa barabarani.

Kwa hiyo lori likianza kukunja, kaa nyuma yake, mbali kidogo. Acha tela limalize kona lote, ndipo uondoke. Abiria akinuna, mwambie mzee wa Tabata amekataza.

Na mwenyekiti wa kijiwe chochote anayetaka, aniite Jumapili. Nitamwomba mwenye yadi atuazime semi moja, imezimwa. Mtapanda mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva, wengine wasimame na pikipiki zao upande wa kushoto, halafu aliyepanda atuhesabie anaona wangapi.

Mzee wenu,
dereva mstaafu, Tabata