Risala yetu kwa Mama Mchungaji, ndani ya festri (chumba cha mikutano) ya kapeli karibu na Aberaeron, Wales

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Mchungaji, mashemasi wa kapeli mliotupa hii festri bila kutudai hata senti, ndugu zetu mliotoka Cardiff na Swansea kwa basi la kubadilisha badilisha, Bwana Yesu asifiwe sana.

Kwanza pole na baridi. Hita imewashwa tangu asubuhi na bado tunakuona umekaa na koti, ndo hivo Mama, hizi kapeli zilijengwa zijae watu, joto lilikuwa ni watu wenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu ni kidogo, tuko kumi na mbili, wakija wa shift ya usiku tunafika kumi na tano, wengi wetu tunalea wazee kwenye makea homu, wawili ni manesi na mmoja yuko kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa (ndo yule anasinzia pale nyuma, msamehe, anaamka saa kumi alfajiri). Tunakutana Jumapili mbili kwa mwezi, tunaimba, tunasoma Neno, tunakula ugali.

Sasa asubuhi tulivyokupeleka kijiji cha Neuaddlwyd ulishuka kwenye gari ukaangalia mabonde na kondoo ukasema "kumbe ni hapa tu?" na sisi tukacheka maana kila mmoja wetu alisema hivohivo siku ya kwanza. Ni hapa tu Mama. Hapa mchungaji Thomas Phillips alikuwa na shule ya kufundisha vijana wahubiri, na inasimuliwa kwamba usiku mmoja aliota ndoto kuhusu Madagascar, kesho yake akawauliza wanafunzi nani ataenda, David Jones akasema mimi, alafu Thomas Bevan akasema na mimi. Vijana wa miaka ishirini na kitu, watoto wa huku huku mashambani, lugha yao Kiwelshi. Mwaka 1818 wakasafiri na wake zao mpaka Mauritius kisha wakavuka kwenda pwani ya Madagascar, na kufika mwanzoni mwa 1819 homa ilikuwa imeshawamaliza, Bevan, mkewe na mtoto wao, mke wa Jones na mtoto wake. Watano kati ya sita. Akabaki Jones peke yake naye mgonjwa.

Tungeelewa kabisa kama angerudi nyumbani. Yeye akaenda Mauritius akapata nguvu, na 1820 akapanda mpaka Antananarivo kwa mfalme Radama, akaanza shule. Mwaka uliofuata David Griffiths, naye Mwelshi, akaja kuungana naye, wakakaa chini na Wamalagasi kuandika lugha yao kwa herufi za Kilatini na kutafsiri, na 1835 Biblia nzima ikachapwa. Mwaka huohuo malkia Ranavalona akapiga marufuku Ukristo, wamisionari wakaondoka, 1837 mama mmoja anaitwa Rasalama akauawa kwa mkuki kwa ajili ya imani. Lakini watu walibaki na kitabu kwa lugha yao, wakakisoma kwa kujificha, na kanisa halikufa.

Kwanini tunakusimulia haya yote Mama? Kwa sababu kila mgeni akija anatuambia "nyie mmeletwa na Mungu muwahubirie hawa, Wazungu wamemsahau Mungu." Ni kweli kapeli nyingi zimefungwa, zingine zimekuwa nyumba za kuishi, na sensa ya 2021 ilionyesha waliosema hawana dini Wales ni asilimia 46.5 na Wakristo 43.6. Na huku ndo Ceredigion, wilaya yetu hii, ile ile ambapo moto wa uamsho wa 1904 ulianzia, New Quay si mbali na hapa, na Blaenannerch ndipo Evan Roberts, mhubiri wa uamsho huo, alipomlilia Mungu "niinamishe." Inauma.

Lakini mwaka juzi tulimwalika mhubiri mmoja, jina tunaliacha, akaja na spika kubwa mbili akahubiri masaa matatu kwa Kiingereza kwamba kijiji kina giza. Majirani hawakusema kitu, Wawelshi wa huku hawagombani na mgeni, walikunywa chai yao wakaosha vikombe wakaondoka, na ibada iliyofuata hakuja hata mmoja. Ilituchukua karibu mwaka mzima kuwarudisha, na kiukweli hawakurudishwa na mahubiri.

Walirudishwa na nota. Dada yetu mmoja anamlea bibi ambaye kwa ugonjwa wa kusahau Kiingereza chote kimemtoka, kimebaki Kiwelshi cha utotoni, analia tu hamna anayemwelewa. Siku moja bibi akaanza kuimba kwa nota, do mi so, zile zile tulizofundishwa kwaya kule nyumbani, huku nao walilelewa nazo, dada yetu akadaka alto, wakaimba mpaka chai ikapoa. Baadae akajifunza Zaburi ya 23, "Yr Arglwydd yw fy mugail", anamsomea kila jioni. Familia ya bibi ndo waliokuja hapa, wakaleta wengine.

Na wala Kiwelshi sio kigumu kwetu kama watu wanavyotutisha. Ile dd yao ni dh ya dhahabu, ch yao ni kh ya kheri, w inasomwa u, ll peke yake ndo inatutoa jasho. Hawa watu walipata Biblia nzima kwa lugha yao mwaka 1588, wanailinda lugha kama mboni ya jicho, ukisema tu "bore da" (habari za asubuhi) vizuri unaona uso unafunguka.

Kwa hiyo Mama, maombi yetu ni haya. Ukirudi nyumbani usitutafutie timu ya mkutano wa injili wa wiki moja, tutafutie mtu mmoja au wawili, hata kama sio wachungaji, walio tayari kukaa miaka na kwenda darasa la Kiwelshi. Wamizo kutoka India, waliopelekewa injili na Wawelshi, wameshatuma watu wao huku, sisi tunasubiri nini? Pili tunaomba vitabu vya kwaya vyenye nota, vyetu vimechanika. Na tatu, tunaona aibu kusema, mafuta ya hiyo hita.

Chakula kipo tayari, kuna pilau, na kina mama wa kapeli wameleta bara brith, mkate wa zabibu, uonje hata kipande maana wanakuangalia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi