Barua kwa Mjomba, Fundi Saa: Gari la Bati Lisiloanguka Mezani

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, na kukujulisha kwamba sisi huku Berlin tu wazima, nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe huenda likawafurahisha na wengine wanaopenda kazi za springi na meno kama uzipendavyo wewe. Katika soko la vitu vya zamani linalofanyika Jumamosi na Jumapili kando ya Straße des 17. Juni, katikati ya sahani za kaure na kamera ambazo hakuna anayezitia filamu tena, nimepata gari la kuchezea la bati, jekundu, dogo la kuenea kiganjani, ambalo ukilitia ufunguo na kuliachia juu ya meza halianguki.

Usidhani ni mazingaombwe. Linakwenda mbio hadi ukingoni, pua inachungulia nje, nawe umekwisha kinga mikono chini yake, kumbe lenyewe linajigeuza na kushika njia nyingine. Likifika ukingo wa pili linafanya vilevile, mpaka springi iishiwe nguvu. Halina betri wala waya.

Nililipindua palepale ili nione siri yake, na hapa ndipo nilipokukumbuka. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma, kama kawaida. Mbele kabisa, chini ya pua, kuna kitegemeo kidogo kinachoubeba uzito wa mbele, na nyuma ya kitegemeo hicho limefichwa gurudumu la tano, lililokingama, yaani linatazama ubavuni badala ya kutazama mbele. Gurudumu hilo nalo linaendeshwa na mashine ileile, ila muda wote linazunguka bure, unywele mmoja tu juu ya meza. Kitegemeo kinapovuka ukingo, pua inainama, gurudumu la tano linagusa meza na kuivuta pua kando, hadi kitegemeo kirudi mahali pagumu na kuliinua tena. Gari linaupapasa ukingo kama kipofu anavyoupapasa ukingo wa baraza kwa bakora yake. Sisi tuliokulia magari ya makopo na waya tulilazimika kuyaongoza wenyewe kwa fito. Hili mtu amelifikiria namna ya kujiongoza kwa kuinama tu, na mimi naona hiyo ni akili kubwa kuliko ya midoli mingi ya siku hizi inayopiga kelele na kuwaka taa.

Jina lake ni Mirakocar 1001, la kampuni ya Schuco. Kampuni iliyolitengeneza ilianzishwa Nürnberg mwaka 1912 na Heinrich Müller na Heinrich Schreyer, katika mji ambao hadi leo una maonyesho makubwa ya midoli kila mwaka, tangu 1950. Ndio hao waliotengeneza Examico 4001, gari la bati lililofuata umbo la BMW 328, ambalo mtoto aliweza kulibadilisha gia kwa mkono. Kampuni ya asili ilifilisika mwaka 1976, jina likapita mikononi mwa wengine, na magari kadhaa ya zamani yakatolewa upya, kwa hiyo mnunuzi hana budi kutazama mhuri kabla ya kutoa pesa. Hili limepigwa mhuri wa Kiingereza unaosema limetengenezwa katika kanda ya Marekani nchini Ujerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi hii iligawanywa kanda nne chini ya mataifa yaliyoshinda, na Nürnberg ikaangukia upande wa Wamarekani. Jamhuri ya Shirikisho ya Ujerumani iliundwa mwaka 1949, kwa hiyo nakisia gari hili ni la miaka ya karibu na hapo, ingawa mihuri ya kiwandani haibadiliki siku inapobadilika serikali.

Mwuzaji alianza na euro 60, akaniachia kwa 40 kwa kuwa halikuwa na sanduku wala ufunguo. Niliazima ufunguo wa saa ya mezani kwa jirani yake, ukaingia barabara, na hivyo ndivyo tulivyolijaribu.

Sasa nalileta kwako, binamu akirudi Tanga, nami nina maombi. Nakujua mkono wako hautulii penye msasa. Tafadhali usilipake rangi: pale puani ilipobanduka paache hivyo hivyo, kwa sababu gari lililopakwa upya hushuka thamani mbele ya wakusanyaji, na mimi binafsi napenda kuona mahali lilipogonga miguu ya viti vya watu. Usilitumbukize kwenye petroli unayooshea mashine za saa, maana rangi inaweza kuondoka pamoja na uchafu. Bodi imeshikwa na vilimi vya bati vilivyopenyezwa na kukunjwa, na vilimi hivyo vikikunjuliwa mara nyingi hukatika. Kama unaweza kuifikia mashine bila kuvigusa, itakuwa heri zaidi. Tone la mafuta mepesi kwenye vitundu vya ekseli linatosha.

Ila mafuta hayo yasifike kwenye gurudumu la tano. Likilowa litateleza badala ya kuvuta, na gari litakwenda moja kwa moja sakafuni, kwa hiyo lifute kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha ulijaribu juu ya meza fupi, na mkeka uwe chini.

Wasalaam,
Mpwa wako