Wakunga wafunzwe katika wadi zao

Mhariri,

Serikali ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mwezi Juni 2013, akina mama wengi wa mitaa kama Mathare na Mukuru walipata nafuu, lakini kitanda cha bure hakimfai mzazi ikiwa anayemhudumia hajafunzwa vya kutosha.

Dada yangu alipojifungua hapa jijini, aliachwa akivuja damu kwa muda mrefu kwa sababu muuguzi wa zamu, aliyekuwa peke yake usiku ule, aliikadiria kwa macho na kuiona kidogo. Alipona, namshukuru Mungu.

Utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wakunga wakiikinga damu kwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, kisha wakatoa matibabu yote kwa pamoja, yaani kukanda tumbo la uzazi, dawa za kuzuia damu, maji ya mshipani na uchunguzi wa chanzo, madhara makubwa ya kuvuja damu hupungua kwa asilimia 60. Mfuko huo si mtambo wa gharama kubwa. Kinachohitajika zaidi ni mazoezi.

Kwa hivyo naiomba Kaunti ya Nairobi ipeleke mafunzo hayo katika wadi za kujifungulia, yarudiwe mara kwa mara, na wauguzi wa zamu ya usiku wasiachwe nje.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi