Timu ikikufa, waachieni vijana barua zao

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi nauza chai na chapo karibu na uwanja mmoja huku Kaptembwo, Nakuru, na hii barua ni ya kuombea vijana wa mpira wanaobaki wamefungwa na timu iliyokufa, si ya kudai mtu pesa, hata kama kitabu changu cha madeni bado kiko na majina ya wachezaji 11, wengine wao hata naona haya kuwauliza juu najua hawakulipwa.

Tulikuwa na timu hapa mtaani, jina wacha nisitaje. Ilikuja na moto, mdosi mmoja akanunua jezi, akaahidi vijana kitu kidogo kila mechi, si mshahara, ni ya nauli na sabuni, nao wakawa wanatoka mjengo mapema waende mazoezi. Msimu wa kwanza tulikuwa tunakodi matatu ya ugenini na tunaimba njia yote mimi na birika yangu. Wa pili nauli ikaanza kuchangwa, mara refa anangoja pesa yake hadi giza, mara tumefika kwa watu tukiwa na wachezaji 9. Msimu haukuisha, mdosi akazima simu.

Timu kufa sibishani nayo, imefanyika kwa wakubwa. SoNy Sugar ya Awendo ilibeba ligi kuu 2006 na kampuni ya sukari iko nyuma yake, lakini msimu wa 2019/20 ikafukuzwa kwa ligi juu ya kukosa kufika mechi tatu. Sembuse yetu ya mfuko wa mtu mmoja? Na hapa Nakuru ndio kulitoka mabingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Kenya, Nakuru AllStars, 1963, wakabeba tena 1969, lakini waambie hivyo vijana wanaopita hapo uwanja wa Afraha uone kama watakuamini.

Kinachoniuma ni namba sita wetu, yule kiungo wa katikati. Huyo kijana anajua mpira, wacha tu. Akaitwa na timu ya huko Kisumu, wakamjaribu wakampenda, halafu wakamwambia alete barua ya kuachiliwa kutoka timu yake. Timu gani sasa? Ofisi yetu ilikuwa simu ya mdosi na stempu ndani ya gari yake. Katibu anasema yeye hana ruhusa ya kuweka sahihi, amempeleka kijana kwa mtu, huyo mtu amemrudisha kwa katibu, wamezungushana hivyo mpaka dirisha la usajili likafungwa. Ati bado ni mchezaji wa timu ambayo hata magoli ya uwanja ilikuwa imeazima!

Wanaosimamia ligi za chini, nawaomba mkisajili timu mchukue sahihi za watu watatu, si mmoja, na timu ikikosa kumaliza msimu hao vijana wawe huru siku hiyo hiyo bila kutafuta stempu ya mtu. Hiyo haihitaji mdhamini, ni karatasi tu. Kijana wa mpira miaka yake ni ya kuhesabu, huyu ameshamaliza mmoja akibeba kokoto.

Na kama mdosi mwenyewe husoma gazeti, alete tu stempu, ya chai tutaongea baadaye.

Mama wa chai,
Kaptembwo, Nakuru