Alama za ngoma zisitegemee usiku mmoja

Mhariri,

Mwisho wa muhula ukifika, wazazi hualikwa vyuoni kuwatazama wanafunzi wa sanaa za maonyesho wakicheza ngoma na kuigiza. Vigelegele hupigwa, picha hupigwa, kisha matokeo yakitoka mmoja amepata 74 na mwenzake aliyecheza mstari uleule amepata 58. Akiuliza sababu, huambiwa hakuchangamka. Makerere inafundisha muziki, ngoma na tamthilia tangu mwaka 1971, kwa hiyo fani hii si changa kiasi cha kupimwa kwa neno kama hilo.

Onyesho la mwisho hutuambia mwanafunzi amefika wapi usiku ule. Ametoka wapi, halisemi. Bila kumbukumbu ya mwanzo, mwalimu anayedai kwamba mwanafunzi ameendelea anakisia tu.

Kumbukumbu yenyewe ni rahisi kuiweka. Katika wiki ya pili ya muhula kila mwanafunzi arekodiwe kwa video dakika mbili, akiwa peke yake. Arudie wiki ya nane na ya kumi na nne, kipande kilekile. Darasa la watu 40 ni dakika 80 kwa kila awamu, yaani saa nne kwa muhula mzima, na kwa ubora wa 720p flashi moja ya gigabaiti 32 inatosha. Simu isishikwe mkononi. Iwekwe kwenye stendi, usawa wa kiuno, mita nne hivi kutoka kwa mchezaji, na sakafu iwekewe alama za chaki ili vipimo visibadilike awamu kwa awamu. Simu ikiwa juu, magoti yaliyokunjwa huonekana yamenyooka. Ikiwa chini mno, kila mruko huonekana mkubwa.

Kinachoharibu ulinganisho zaidi ni kasi ya mapigo. Wapigaji wakipata moto huongeza kasi bila kujijua, na mwanafunzi wa thelathini anakuta mdundo tofauti na ule aliochezewa wa kwanza. Basi dakika ya kwanza ichezwe kwa mdundo uliorekodiwa, mmoja kwa wote na kwa awamu zote tatu: sekunde 30 akitazama kamera, sekunde 30 akiwa ubavu, kwa sababu mgongo uliopinda hujificha ukitazamwa kwa mbele. Dakika ya pili wapigaji wawepo wenyewe. Mdundo wa spika haumjibu mchezaji, na kuitikia ngoma ni sehemu ya ufundi unaopimwa.

Video bila vigezo ni picha tu. Jedwali nyingi za vigezo zimejaa maneno kama "vizuri", "vizuri sana" na "wastani", na kila mtahini huyatafsiri apendavyo. Kigezo kiandikwe kama kitu ambacho jicho linaweza kukiona. Tuchukue bakisimba ya Baganda. Je, magoti yamebaki yamekunjwa tangu mwanzo hadi mwisho, au yananyooka kila mchezaji anapogeuka? Je, mabega yametulia wakati kiuno kinafanya kazi, au mwili mzima unayumba pamoja nacho? Akihamia muwogola, sehemu yake ya kasi zaidi, anapanda kwenye ncha za vidole pigo linapobadilika, au anachelewa? Je, anamsikia mpigaji wa mbuutu, ngoma kubwa inayoongoza, au anawatazama wenzake kwanza ndipo abadilishe? Kila swali liwe na ngazi nne. Zikiwa kumi, watahini hujibanza kwenye sita na saba; zikiwa tano, hukimbilia ya katikati.

Hapa kuna mtego ambao hata watahini wazoefu hunaswa: maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Ngozi yenye manyoya marefu ikifungwa kiunoni hutikisika yenyewe, na mchezaji ambaye kiuno chake hakijalegea huonekana hodari. Katika video tatu za muhula mwanafunzi avae suruali ya mazoezi na kitambaa chepesi kilichofungwa nyongani. Maleba yasubiri jukwaa.

Runyege ya Wanyoro na Watooro ipimwe kwa sikio kwanza. Njuga zilizofungwa miguuni mwa wanaume ndizo ala yenyewe, na mguu uliochelewa husikika hata kama hauonekani. Mtahini azime picha, asikilize, atie alama, kisha ndipo atazame. Kwa bwola ya Waacholi, ambako wachezaji huenda kwa duara huku kila mwanamume ameshika ngoma yake ndogo, shida ni nyingine: mchezaji dhaifu hubebwa na wenzake na hatambuliki. Dawa ni kumtoa katika duara pamoja na wenzake watatu tu. Wanne hawana mahali pa kujificha.

Wengine watauliza: je, ni haki kumpa alama za maendeleo aliyeanza chini, na kumnyima yule aliyeingia chuoni akiwa tayari amepikwa na mashindano ya ngoma ya shule za sekondari? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba hodari apewe ngoma isiyo ya kwao. Aliyekulia Masaka akicheza bakisimba apelekwe kwenye larakaraka ya Waacholi. Aliyetoka Gulu ajifunze runyege. Huko wote wanaanza na miguu mizito. Pia alama za maendeleo zisimeze kozi. Ikiwa kazi za muhula zina alama 40 na mtihani 60, basi 15 kati ya zile 40 zitokane na tofauti kati ya video ya kwanza na ya tatu, 15 zitokane na ufundi wa wiki ya nane, na 10 ziende kwa daftari la mazoezi. Daftari likaguliwe bila taarifa mara tatu. Likisubiriwa mwisho, huandikwa lote usiku mmoja kwa kalamu moja, na hilo kila mwalimu analijua.

Kwa upande wa tamthilia kanuni ni ileile. Wiki ya pili mwanafunzi apewe hotuba ya dakika moja asiyoijua, ajiandae dakika 20, aiigize mwalimu akiwa kiti cha nyuma kabisa. Kama maneno ya mwisho wa sentensi hayafiki huko, liandikwe hilo, si "sauti ndogo". Lafudhi isikatwe alama. Mwanafunzi wa Arua hapaswi kusikika kama wa Entebbe, na ikiwa anaigiza kwa Kiswahili au Luganda, mtahini anayeijua lugha hiyo awepo. Msimamizi wa jukwaa na mtu wa taa nao hupewa alama ya mchezo mzima, jambo ambalo halina maana. Wapimwe kwa daftari lao la ishara, yaani za lini taa ibadilike au mchezaji aingie, na kwa idadi ya ishara zilizotoka kwa wakati.

Siku ya mtihani watahini wawe watatu. Kabla ya kuanza, watazame pamoja rekodi mbili za mwaka uliopita, watie alama, walinganishe. Baada ya hapo kila mmoja aandike peke yake, na karatasi zikusanywe kabla mtu hajafungua mdomo. Wakiachana kwa zaidi ya alama 10, warudi kwenye video, wasigawanye tofauti katikati. Watazamaji wanaoshangilia ndugu zao hawana kosa, ila mtahini asikae katikati yao.

Mahudhurio ni sharti la kuruhusiwa kufanya mtihani. Yasigeuzwe alama za maendeleo. Aliyeteguka kifundo cha mguu asipewe sifuri wala alama ya huruma: apige ngoma, au amfundishe mwenzake kipande na apimwe kwa anachokielekeza.

Mrejesho utolewe ndani ya siku saba, mwalimu na mwanafunzi wakitazama video pamoja kwa dakika tano, na mwanafunzi aondoke na jambo moja la kurekebisha. Mambo sita hayarekebishwi na mtu yeyote kabla ya wiki ya nane. Video hizo ni taarifa za mtu binafsi chini ya Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, hivyo ridhaa itolewe kwa maandishi na zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa. Zihifadhiwe idarani mpaka muda wa kukata rufaa upite, kisha zifutwe, isipokuwa zile mbili za kuwanolea watahini wa mwaka unaofuata, ambazo wenyewe wamekubali kwa sahihi zao.

Walimu wawili wa ngoma na tamthilia,
Kampala