Fuwele za skrini si za feroelektriki

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala yenu kuhusu skrini za simu na televisheni, ambamo mwandishi alieleza kwamba fuwele kimiminika zilizomo ndani yake ni nematiki za feroelektriki. Hilo si kweli.

Skrini hizo hutumia nematiki za kawaida, ambazo molekuli zake, nyembamba na ndefu kama vijiti, hutiririka kama kimiminika chochote huku zikiwa zimelala sambamba. Hata hivyo, nusu yake zimeelekeza vichwa huku na nusu kule, kwa hiyo chaji za ncha zake hubatilishana. Ndiyo maana ukibadilishana nyaya za betri, chanya ikawa hasi, picha haibadiliki hata kidogo: umeme huzigeuza molekuli bila kujali kichwa ni kipi na mkia ni upi.

Katika nematiki ya feroelektriki vichwa hutazama upande mmoja hata pasipo umeme kutoka nje, na umeme ukigeuzwa navyo hugeuka. Mwanafizikia Max Born aliiwazia hali hiyo mwaka 1916, lakini ilibaki kwenye karatasi kwa takriban karne nzima, mpaka mwaka 2017 watafiti wa Japani na wa Uingereza walipotangaza, kila kundi kivyake, dutu za DIO na RM734. Mwaka 2020 watafiti wa Boulder, Colorado, Marekani, waliitazama RM734 kwa hadubini na kuthibitisha kwamba ni feroelektriki: uga wa umeme wa volti 1 hivi kwa sentimita ulitosha kuigeuza, ilhali skrini ya kawaida huhitaji uga wa maelfu ya volti kwa sentimita. Lakini dutu hiyo huingia katika hali hiyo ingali moto, kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi.

Huenda mwandishi alizichanganya fuwele za skrini na smektiki za feroelektriki, aina nyingine ya fuwele kimiminika, zilizojulikana tangu 1975, ambazo molekuli zake hujipanga kwa matabaka.

Aidha, ile tarakimu ya makumi ya maelfu aliyoitaja kuwa kipimo cha uwezo wa nematiki za feroelektriki kuhifadhi chaji ilistahili tahadhari, kwa sababu wapo watafiti wanaoona kwamba kinachopimwa hapo hasa ni tabaka jembamba mno linalogusana na elektrodi (bamba linalopitishia umeme), wala si kimiminika chenyewe.

Msomaji wenu